Robo Saa Isiyohesabiwa

Lori la tatu lilikuwa na chumvi.

Koplo alipanda mwenyewe, akafungua kamba za turubai la kijani, akachoma magunia kwa fimbo ya chuma moja baada ya jingine hadi jasho likamtiririka mgongoni, kisha akateremka akijikung'uta suruali. Dereva alikuwa amesimama kando ya mizani, mikono kichwani, ingawa hakuna aliyemwamuru aiweke huko.

"Chumvi, afande," Koplo alisema. "Chumvi tupu mpaka chini. Hata panya hayumo."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kitambi cha kukaa ofisini na miguu ya mtu aliyetembea sana, na mfukoni mwa shati lake kulikuwa na pampu ya pumu isiyokuwa yake. Fundi viatu wa kwenye kona ndiye aliyeiokota asubuhi, mahali pale pale alipoona binti wa watu akibebwa mzegamzega na kutupwa ndani ya lori lenye turubai la kijani na namba iliyopakwa matope. Tangu alipokabidhiwa, pampu ile ilikuwa ikimgonga Inspekta kifuani kila alipoinama, na kila ilipomgonga aliangalia saa. Sasa ilikuwa saa kumi na robo. Binti alichukuliwa saa nne na dakika ishirini.

"Saa nne na nusu asubuhi ulikuwa wapi?" alimuuliza dereva.

"Nimelala, mkubwa. Humu humu kwenye gari, nasubiri kupakia."

"Wapi?"

"Bohari ya chumvi, kule mbele. Waulize. Karatasi ninayo."

Alikuwa nayo kweli, na mhuri ulikuwa wa kweli. Madereva wote watatu walikuwa na karatasi. Lori la kwanza lilikutwa na nondo, la pili lilikuwa tupu, na hili ndilo la mwisho lenye turubai la kijani kati ya yote yaliyosimamishwa mbele ya daraja tangu adhuhuri. Inspekta alimrudishia dereva karatasi yake na kumwambia ashushe mikono.

"Mkubwa, niseme neno?"

"Sema."

"Mimi ningekuwa nimeficha mtu kwenye gari, huku nisingekuja ng'o. Huku kuna mizani. Kila lori linasimama, linapekuliwa, hata kama limebeba hewa. Nani atajileta mwenyewe?"

"Pengine hakujua kama kuna mizani," Koplo alisema.

Dereva alicheka, kicheko kidogo cha woga. "Dada yangu, hata lori lenyewe linajua."

Inspekta akaenda kwenye gari bila kuaga. Maneno yale yalimkera kwa sababu yalikuwa ya kweli, na yeye, mwenye miaka thelathini na mmoja kazini, alikuwa ameshindwa kujiambia hayo tangu mchana.

Kisa chenyewe hakikuwa na mafumbo mengi. Binti aliyepotea alikuwa karani kwenye uwanja wa ukaguzi wa magari, na kazini wote walimwita Karani tu. Miezi miwili nyuma aligundua kwamba malori ya tajiri mmoja yalikuwa yakipewa stika ya kufaulu kipimo cha moshi bila hata kufika uwanjani. Akayaandika yote kwenye daftari, tarehe na namba, kisha jana akampigia Inspekta simu akitaka amletee daftari hilo siku ile ile. Inspekta alimwambia aje kesho saa tano, kwani jana alikuwa na kikao. Kikao chenyewe kilihusu mpangilio wa viti vya chumba cha mapokezi. Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Koplo.

Daftari lilikuwa na watekaji, bila shaka. Lakini Karani alikuwa na pumu tangu utotoni, na pumu haingoji upelelezi. Daktari wa zamu aliyeulizwa kwa simu alisema mtu wa hali yake, akiwa na hofu na bila dawa, mahali penye vumbi, anaweza kuvumilia hadi jioni au asiweze. Aliposisitizwa ataje saa, alikataa.

Koplo alikanyaga mafuta. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mdomo usiotulia, na leo hata huo mdomo ulikuwa umepungua.

"Turudi wapi, afande? Mkuu anataka twende mbele zaidi."

"Turudi kwa Mama Vipimo."

"Lakini jedwali lake si tunalo?"

"Soma."

Koplo hakuhitaji kulisoma, alikuwa ameshalikariri. Barabara ile kuu ilikuwa na vituo viwili vya kupimia moshi wa magari. Kituo cha Kwanza kilikuwa mwanzoni, hatua chache kutoka kona ya fundi viatu, na Kituo cha Pili kilikuwa darajani, kilomita kumi na moja mbele. Kwenye kila kituo mtu aliketi na karatasi akihesabu kila gari linalopita, kwa aina yake, na kuandika jumla kila robo saa. Kati ya vituo hivyo hapakuwa na barabara ya kuchepukia, upande mmoja reli, upande mwingine mto, na magofu ya viwanda yaliyobanwa katikati.

"Malori ya ekseli tatu," Koplo alisema. "Kituo cha Kwanza, saa nne hadi saa tano, thelathini na mawili. Kituo cha Pili, robo saa baadaye, thelathini na mawili. Yaliyoingia yote yametoka. Ndiyo maana tukawapeleka askari wote mbele ya daraja."

"Nani alihesabu?"

"Watu wa Mama Vipimo. Na yeye ndiye mama mzazi wa Karani, afande. Atudanganye ili apate nini?"

"Sijasema kadanganya. Nimeuliza nani alihesabu."

Ofisi ya vipimo ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye rafu ukutani. Juu ya rafu hizo kulipangwa vichujio vya karatasi, mviringo kama sahani za vikombe, kila kimoja ndani ya kikopo chake cha kioo na tarehe yake. Vilianza vyeupe upande wa dirishani na kuishia vyeusi tititi karibu na mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa hewa ya barabara ile ya mwaka mzima.

Mama Vipimo aliketi chini ya rafu hizo, simu mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na kazi hii aliianza miaka kumi na mitano iliyopita kwa sababu ya kifua cha mwanawe. Alisimama Inspekta alipoingia, akamtazama usoni, akajua, akaketi tena.

"Hamjampata."

"Bado, mama."

"Basi mnafanya nini hapa? Mbona mmerudi? Kule mbele kuna nani?"

"Askari wote wako kule. Naomba nione karatasi za asubuhi. Si jedwali. Zile zilizoandikwa barabarani."

"Namba ni zile zile."

"Nionyeshe hata hivyo."

Alizivuta kwenye faili. Zilikuwa karatasi chafu, zenye vumbi na alama za vidole, zimejaa vijiti vya kalamu vilivyofungwa tano tano kama vifurushi vya kuni. Inspekta aliziweka kando kwanza na kulitandika lile jedwali safi mezani. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma safu za Kituo cha Pili kwa kidole. Koplo alisimama nyuma yake akihesabu sekunde kwa kugonga mlango kwa ukucha.

"Acha hiyo," Inspekta alisema, na Koplo akaacha.

"Pikipiki," alisoma. "Saa nne na robo, tisini na sita. Saa nne na nusu, tisini na tisa. Saa tano kasorobo, mia moja na mbili. Magari madogo, mia mbili na kumi na mawili, mia mbili na sita, mia mbili kamili. Mabasi, kumi na manne, kumi na matatu, kumi na mawili." Kidole kikahamia safu ya mwisho. "Malori, tisa, manane, saba."

"Ndiyo," Mama Vipimo alisema.

"Mama, mimi si mtu wa hesabu. Lakini nimewahi kukaa barabarani siku nzima nikivizia gari. Barabara haina adabu hivi. Mara yanakuja matatu, mara hayaji. Huu mstari wa saa nne na nusu, kila namba yake imekaa katikati kabisa, kati ya ile ya juu na ile ya chini. Pikipiki katikati. Mabasi katikati. Zote nne."

Mama Vipimo alivaa miwani na kuinamia jedwali.

Inspekta alichukua karatasi chafu ya Kituo cha Pili na kutafuta mstari ule ule. Vijiti vilijaa juu yake na vilijaa chini yake. Penye saa nne na nusu hapakuwa na hata kijiti kimoja. Palikuwa na alama ya kidole tu, nyeusi, ya masizi.

"Mhesabuji wa Kituo cha Pili yuko wapi?"

Alikuwa nje kwenye korido, amechuchumaa ukutani tangu mchana. Walimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha shule kabla ya kuja hapa, na alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Vipimo. Kwa Karani alikuwa baba mdogo. Aliingia akiwa ameshika kofia.

"Saa nne na nusu hadi saa tano kasorobo," Inspekta alisema. "Ulihesabu?"

"Hapana."

Alilitamka bila kusita, kama mtu aliyeulizwa kama leo mvua imenyesha.

"Kwa nini?"

"Hiyo ni robo saa ya kichujio, mkubwa. Kila siku saa nne na nusu tunabadilisha karatasi kwenye mashine ya kuvuta hewa. Inataka mikono miwili na macho mawili. Siku za kawaida tuko wawili, leo mwenzangu anaumwa. Nikageuza mgongo, nikabadilisha, nikaacha mstari wazi."

"Mchana nilikupigia nikakuuliza kama lori lenye turubai la kijani limepita."

"Nikakujibu yamepita mengi. Na yamepita kweli. Hukuniuliza kuhusu robo saa ile."

"Kwa hiyo namba hizi manane na kumi na matatu na tisini na tisa umeziandika wewe?"

"Mimi? Mimi niliacha wazi." Mwalimu aliangalia jedwali, kisha akamwangalia shemeji yake, na kofia ikamdondoka. "Shemeji."

Kelele za malori barabarani ziliingia ndani zote.

"Ndivyo tunavyofanya," Mama Vipimo alisema polepole. "Ndio utaratibu. Robo saa ikikosekana unachukua ya kabla na ya baada, unagawa kwa mbili. Huwezi kupiga hesabu ya moshi wa siku nzima ukiwa na shimo katikati. Nilijaza saa sita mchana. Saa sita kamili, nakumbuka, ndipo nilipomaliza. Simu ya kuniambia mwanangu kachukuliwa ikaja saa sita na nusu." Alishika jedwali kwa mikono miwili. "Nikakimbia nalo kwenu. Nikawaambia yametoka yote. Niliwaambia mimi! Hata sikukumbuka. Najaza shimo hilo karibu kila mwezi, sikukumbuka kwamba hakuna mtu aliyeyaona."

Kisha akapiga ukelele, mmoja tu, mkavu, na kuanza kujipiga kichwa kwa kiganja. Mwalimu alimshika mikono.

Hasira aliyokuwa nayo Inspekta haikuwa juu ya mama yule. Yeye ndiye mpelelezi. Alipewa namba nadhifu, akazipenda kwa unadhifu wake, akapeleka kila askari upande usio na mtu.

"Utalia baadaye, mama, na mimi nitalia nawe," alisema. "Sasa nisaidie. Lori liliingia Kituo cha Kwanza. Kama halikutoka, liko ndani ya kilomita hizo kumi na moja. Mageti mangapi?"

"Arobaini na saba," Mwalimu alijibu. "Kuna karakana, mabohari, kiwanda cha vigae kilichofungwa, viwanja vya mbao..."

"Afande," Koplo alisema, "tuko wawili. Wengine wakigeuza sasa hivi watafika saa kumi na mbili unusu. Mageti arobaini na saba, mtu akiwa makini, ni mpaka asubuhi."

Saa ilikuwa kumi na moja na dakika tano.

"Mama," Inspekta alisema. "Wewe unapima moshi. Lori hilo, fundi viatu anasema lilikuwa linatoa moshi mweusi kama tanuri. Kati ya vituo hivi viwili hakuna kitu chenu chochote kinachonusa?"

Mama Vipimo aliacha kuhangaika. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yamerudi.

"Kuna visanduku vya nguzoni. Vidogo. Vitano, kwenye nguzo za taa. Vinatuma kipimo kila dakika."

"Leo vimetuma?"

"Vimetuma. Lakini hakuna kitu. Ningekiona." Alikuwa tayari ameshageuza kompyuta na kufungua kurasa, vidole vikikosea herufi. "Angalia. Cha kwanza, kawaida. Cha pili, kawaida. Cha tatu... hiki kina buibui."

"Buibui?"

"Ni jina letu tu. Mwaka fulani kisanduku kimoja kilitoa namba za kichaa, tukakifungua tukakuta buibui kajenga ndani. Tangu hapo kipimo chochote kisicho na akili, mara kumi ya kawaida, tunakiandika buibui na kukitupa. Asubuhi hii cha tatu kiliruka. Nilikifuta mimi mwenyewe."

"Saa ngapi?"

Alisogeza uso karibu na kioo. "Saa nne na dakika thelathini na moja."

"Kikaendelea mpaka saa ngapi?"

"Dakika thelathini na saba. Baada ya hapo kawaida."

Inspekta aliweka kiganja mezani.

"Buibui akiingia kwenye kisanduku, anatoka lini?"

"Hatoki. Mpaka twende na ngazi tumtoe."

"Huyu ametoka mwenyewe baada ya dakika sita."

Koplo alishaanza kutafuta funguo za gari.

"Lori likipita tu chini ya nguzo," Inspekta alimuuliza mama, "kipimo kinapanda kwa muda gani?"

"Sekunde. Dakika moja kwa wingi. Kupanda dakika sita lazima liwe limesimama pale pale, injini inaunguruma. Linasubiri." Akashika mdomo. "Linasubiri kufunguliwa. Nguzo ya tatu iko mbele ya geti la kiwanda cha vigae."

Mwalimu aliokota kofia yake. "Kule ndani ni vumbi tupu," alisema kwa sauti ndogo. "La udongo mweupe. Ukikanyaga tu linafika magotini."

Mama Vipimo alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari la polisi, na Inspekta hakujaribu kumzuia. Mwalimu alijipenyeza nyuma naye. Koplo aliendesha kwa ving'ora mpaka nusu ya njia, kisha akavizima. Inspekta alipiga simu mbili: moja kwa askari walio mbele ya daraja warudi mbio, nyingine kwa daktari wa zamu, na ya pili hakuikata.

"Gari la wagonjwa limetoka," daktari alisema. "Dakika ishirini na tano, barabara ikiruhusu. Usiniache hewani."

Geti la kiwanda cha vigae lilikuwa limeoza kwa kutu tangu juu hadi chini, isipokuwa mnyororo, uliokuwa na kufuli jipya linalong'aa. Mbele yake, ardhini, chini kabisa ya nguzo ya taa, kulikuwa na doa jeusi la mafuta kubwa kama sinia, na juu yake majani yalikuwa yameungua kwa moshi.

"Shikeni vizuri," Koplo alisema, akarudisha gari nyuma hatua ishirini na kulivaa geti.

Mnyororo ulikatika alipoligonga mara ya pili. Uwanjani, nyuma ya rundo la vigae vilivyovunjika, lilisimama lori lenye turubai la kijani. Mwanamume mmoja alitoka kwenye kibanda cha mlinzi na sufuria mkononi, akawaona, akaitupa na kutimua mbio. Koplo alimkamata kabla hajafika ukutani, akamlaza kifudifudi.

"Mimi sijamgusa!" alipiga kelele. "Nimeambiwa nimkalishe tu mpaka bosi aje! Amekohoa tangu mchana, nimempa hata maji!"

"Yuko wapi?"

"Chumba cha kukaushia. Mimi sijamgusa!"

Chumba cha kukaushia vigae hakikuwa na dirisha. Mlango ulipofunguliwa vumbi jeupe lilinyanyuka lote kwa pamoja, na Inspekta alilazimika kusubiri sekunde kadhaa, sekunde ndefu kuliko siku yote ile, kabla ya kuona kitu. Karani alikuwa ameketi sakafuni, mikono imefungwa kwa kamba mbele, mgongo umeinama, viwiko vimekazwa juu ya magoti. Alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi vidole, isipokuwa midomo. Midomo ilikuwa ya bluu. Mabega yake yalipanda na kushuka, haraka haraka, na kila pumzi ilitoka na mluzi mwembamba.

Alimwona mama yake. Hakuweza kusema. Alitikisa kichwa tu.

"Mama yupo," Mama Vipimo alisema. "Nyamaza, mwanangu. Mama yupo."

Mwalimu ndiye aliyembeba hadi nje kwenye upepo. Inspekta alikata kamba, akatoa pampu mfukoni. Karani alijaribu kuivuta na akashindwa, pumzi zilikuwa fupi mno, dawa ikaishia mdomoni.

"Chupa," mama yake alisema. "Chupa ya maji, ya plastiki, upesi!"

Koplo alimrushia ya kwenye gari. Mama Vipimo alimwaga maji, akatoboa kitako kwa kisu cha Inspekta kiasi cha kupitisha mdomo wa pampu, akauchomeka humo na kumpa mwanawe mdomo wa chupa. Alibonyeza pampu, na dawa ikajaa ndani ya chupa kama ukungu, ikasubiri humo hadi pumzi fupi moja baada ya nyingine ziivute. Akabonyeza tena. Safari hii vidole vyake havikukosea.

"Tumempata," Inspekta alisema kwenye simu. "Anapumua, lakini vibaya. Amepewa dawa mara mbili kwa chupa."

"Mpeni mara nne, kisha tena baada ya muda," daktari alisema. "Anapumua mara ngapi kwa dakika? Nataka namba. Itaniambia kama nimwandalie mashine ya kumpumulia."

Mwalimu alikuwa ameshainua mkono wenye saa. "Nitahesabu mimi. Sekunde kumi na tano, tutazidisha kwa nne."

"Hapana," Mama Vipimo alisema.

"Shemeji, ndivyo wanavyofanya hata hospitali."

"Dakika nzima. Wewe tazama saa, mimi nahesabu."

Alipiga magoti kwenye udongo, akaweka kiganja juu ya mgongo wa mwanawe, akaanza. Hakuna aliyesogea. Barabara ilinguruma nje ya geti lililovunjika, malori yakipita chini ya nguzo ya tatu, na yeye alihesabu kwa sauti ya kawaida, moja baada ya moja. Kuna pumzi moja iliyochelewa, karibu na mwisho, ikachelewa hadi Koplo akageukia ukuta. Mama Vipimo aliisubiri. Hakuitaja mpaka ilipokuja.

"Imetimia," Mwalimu alisema.

"Arobaini na nne."

Inspekta alirudia namba hiyo kwenye simu. Daktari alisema ni mbaya, mbaya sana, wampe dawa tena na wahesabu tena baada ya dakika tano.

Walimpa tena. Karani alikuwa amefumba macho, kichwa kimelala kifuani kwa mama yake, vumbi limechanganyika na machozi usoni mwake, na hakukuwa na njia ya kujua machozi hayo yalikuwa ya nani kati yao. Zilipotimia dakika tano Mama Vipimo aliweka tena kiganja pale pale mgongoni.

Safari hii hakuna aliyemshauri afupishe. Alihesabu dakika nzima, hadi Mwalimu alipotoa ishara.

"Ngapi, mama?" Inspekta aliuliza.

"Arobaini na moja," alisema. "Nimezihesabu zote."

King'ora cha gari la wagonjwa kilisikika kwa mbali, upande wa Kituo cha Kwanza. Inspekta aliiandika namba ile kwenye daftari lake, na saa pembeni. Mama Vipimo alikuwa ameshaanza tena, moja, mbili, tatu.